Kipimo cha damu pekee hakitoshi kumnyima mtoto maziwa

Katika familia nyingi za Shinyanga na Geita, maziwa ni chakula cha kila siku: yamo kwenye uji wa mtoto na mtindi wa kulia ugali. Ndiyo maana mtoto anapotapika au kutoka vipele baada ya kunywa, wengi huona ni chango, na si maziwa.

Huenda ni mzio, yaani aleji, wa protini za maziwa ya ng'ombe. Kinga ya mwili wa mtoto huzipiga vita protini hizo kama vile ni adui. Hali hii ni tofauti na tumbo kushindwa kusaga sukari ya maziwa.

Kipimo kinaonyesha nini?

Maabara huangalia kama damu ina kingamwili za IgE dhidi ya protini za maziwa. Zikionekana, bado hazithibitishi kwamba mtoto ana mzio. Wapo watoto wenye majibu chanya wanaokunywa maziwa bila shida yoyote.

Majibu hasi nayo hayamalizi mambo. Kuna mzio usiohusisha IgE. Dalili zake, kama kutapika, kuharisha au kinyesi chenye damu, zinaweza kuja saa kadhaa au hata siku kadhaa baadaye, na kipimo hiki hakiuoni.

Kwa hiyo, kabla ya kufunga safari kutoka Kahama au Katoro kwenda kupima Mwanza, andika mtoto alikula nini, kiasi gani, dalili zilianza baada ya muda gani na zimejirudia mara ngapi. Maelezo hayo humsaidia daktari kuamua kama kipimo kinahitajika na kuyasoma majibu yake.

Kwa mzio unaochelewa, daktari anaweza kuagiza maziwa yaachwe wiki mbili hadi nne, kisha yarudishwe kwa uangalizi. Dalili zikitoweka, halafu zikarudi pamoja na maziwa, jibu limepatikana. Usijaribu hili nyumbani kwa mtoto aliyewahi kuvimba au kubanwa pumzi.

Asiachishwe kiholela

Mtoto anayenyimwa maziwa bila mbadala anaweza kudumaa. Anayenyonya aendelee kunyonya. Ikibidi, daktari atamshauri mama aache maziwa ya ng'ombe kwa muda. Maziwa ya mbuzi si mbadala, kwa sababu protini zake zinafanana na za ng'ombe. Mtindi nao una protini zilezile. Aliyevuka miezi sita anaweza kupata lishe pia kwenye dagaa, mayai na maharage.

Mtoto akivimba ulimi, akipumua kwa shida au akilegea ghafla baada ya kunywa maziwa, mkimbize kituo cha afya kilicho karibu. Hapo si wakati wa kusubiri kipimo.

Watoto wengi huachana na mzio huu wanapokua. Muulize daktari lini mtoto aangaliwe tena, asije akanyimwa maziwa miaka mingi bila sababu.