Usiniibie Jumamosi Yangu!

Hivi umewahi kugombana na mwenzi wako kwa sababu ya fundi cherehani? Mimi nimewahi. Tena ilikuwa Jumamosi, siku tuliyopanga kuvuka kwenda Kigamboni kula samaki, wawili tu, baada ya wiki nzima ya kuonana usiku wote tukiwa hoi.

"Nipe nusu saa tu," nilimwambia mume wangu. "Nachukua gauni kwa fundi, halafu tunaondoka." Fundi alikuwa ameniahidi saa nne asubuhi. Nilipofika akanivutia benchi: "Dada, kaa hapo kidogo, limebaki pindo tu." Hiyo "kidogo" ilinifikisha saa nane mchana. Nikarudi nyumbani na gauni zuri, nikamkuta mume kanuna.

"Sijakasirika kwa sababu umechelewa," aliniambia. "Nimekasirika kwa sababu kila nikikupigia unasema dakika kumi."

Maneno yale yaliniuma, maana hayakuwa yangu. Nilikuwa namwambia kile nilichoambiwa na fundi! Hapo ndipo nilipogundua kwamba mfanyabiashara anapomdanganya mteja kuhusu muda, uongo huo hauishii dukani. Unafika mpaka sebuleni.

Wengi wetu tunatoka nyumbani alfajiri na kurudi giza likiwa limeingia. Saluni, gereji, benki na dobi vyote tunavibana Jumamosi. Kwa hiyo wewe mwenye biashara, ukimpotezea mteja saa tatu, ujue kuna mtu mwingine nyumbani umempotezea pia.

Mtaalamu mmoja wa masuala ya biashara, David Maister, aliandika mwaka 1985 kuhusu saikolojia ya kusubiri. Alieleza kwamba kusubiri usikojua mwisho wake huonekana kurefu kuliko kule unakojua kutaisha saa ngapi. Kukaa bure nako huonekana kurefu kuliko kukaa ukiwa na shughuli. Maana yake, hata kama huwezi kuongeza kasi, unaweza kumpunguzia mteja maumivu kwa kumwambia ukweli tu. Akiambiwa "saa nane", atakwenda sokoni na kurudi. Akiambiwa "kidogo", atabaki kwenye benchi.

Haya mengine hayahitaji mtaji mkubwa:

Tumia simu. Kama kazi haijaisha, mtumie mteja meseji kabla hajatoka nyumbani. Ikiisha, mjulishe pia. Bei naye aipate kwa simu, asipande daladala kuja kuuliza tu.

Panga miadi. Mwenye saluni anayejua kusuka kichwa kimoja kunachukua saa nne, kwa nini awaite wateja watatu saa tatu asubuhi kwa msusi mmoja?

Weka foleni moja. Kama una keshia watatu, usiwe na mistari mitatu. Wateja wapange mstari mmoja, anayefuata aende kwa keshia aliye huru. Mteja mmoja mwenye shida ndefu hatawakwamisha walio nyuma yake, na hakuna atakayelalamika kwamba kachagua mstari mbaya.

Mwondolee mteja safari. Hili ndilo kubwa kuliko yote. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, haikufupisha tu foleni ya kutuma pesa. Safari nyingi zenyewe zilikufa. Leo mtu ananunua umeme wa LUKU akiwa amelala kitandani. Jiulize: ni safari gani mteja wako anafanya kwa sababu tu wewe umezoea aje?

Lakini tuwe wakweli, na sisi wateja tuna makosa. Wiki iliyofuata nilirudi kwa fundi wangu kumlalamikia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada, ningekuambia Jumanne, si ungepeleka kitambaa kwa mwingine?"

Nilikosa jibu. Ni kweli ningeondoka! Tunawalazimisha watu watuahidi miujiza, halafu tunashangaa ikishindikana. Siku hiyo tukakubaliana: yeye aniambie siku ya kweli, na mimi nisimkimbie. Tangu hapo naondoka kwake na tarehe, na kazi ikikwama ananitumia meseji mapema. Mara mbili amechelewa, na mara zote mbili nilijua nikiwa bado nyumbani, sikupoteza chochote.

Na nyumbani? Nimeacha kusema "dakika kumi". Kama sijui nitatoka saa ngapi, namwambia mume wangu sijui, yeye aendelee na mambo yake. Samaki wa Kigamboni tulikuja kuwala wiki mbili baadaye. Gauni nililivaa, na simu ya fundi siku hiyo sikuisubiri.