Intaneti Bila Waya Katika Mkutano wa Watu Wengi: Mfano wa Uwanda wa Rondo

Katika Mkoa wa Lindi, upande wa bara kutoka mji wa Lindi, umeinuka uwanda wa Rondo, ambao sehemu zake za juu hufikia karibu mita 900 kutoka usawa wa bahari. Uwanda huu wajulikana kwa msitu wake wa mivule na kwa komba mdogo aitwaye komba wa Rondo, mmoja wa wanyama walio katika hatari ya kutoweka. Hapa tutautazama kwa jambo jingine, nalo ni namna ya kupeleka intaneti bila waya mahali kama hapo kwa siku moja au mbili, wakati mamia ya watu wanapokusanyika, na namna ya kuhakikisha kwamba haikatiki shughuli ikiwa katikati.

Jambo hili si la anasa. Tangu msimu wa 2024/25, minada ya korosho ya mikoa ya kusini huendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Wanunuzi hutaja bei zao wakiwa mbali, na wakulima waliokusanyika katika mkutano wa ushirika huonyeshwa bei hizo, kisha huamua kuzikubali au kuzikataa. Mawasiliano yakikatika saa hiyo, mkulima hutakiwa kuamua juu ya jasho la mwaka mzima bila ya kuona kwa macho yake. Misiba nayo hukusanya umati kwa ghafla, kama ilivyokuwa Mei 2023 alipozikwa Rondo Bernard Membe, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje tangu 2007 hadi 2015. Mazishi hayampi mtu miezi ya kujitayarisha. Kwa hiyo ni sharti kanuni zake zijulikane mapema.

Mlima husaidia, msitu huzuia

Mawimbi ya redio yatumikayo katika Wi-Fi ni mafupi. Yale ya masafa ya gigahezi 2.4 yana urefu wa sentimita 12 na nusu, na yale ya gigahezi 5.8 yapata sentimita 5. Mawimbi mafupi namna hii husafiri karibu kama mwanga: penye kuonana hufika mbali, na penye kizuizi hudhoofika upesi. Mwaka 2007, wataalamu nchini Venezuela waliunganisha vilele viwili vya milima vilivyoachana kilomita 382 kwa vifaa vya Wi-Fi na antena kubwa. Kilichowawezesha ni kimo cha milima yao.

Kwa hesabu ya kawaida, antena iliyo mita 850 juu ya nchi tambarare yaweza kufikia upeo wa kiasi cha kilomita 120. Lakini faida hiyo ni ya yule aliye ukingoni mwa uwanda. Aliye katikati yake, au nyuma ya miti, haioni pwani hata kidogo. Majani yana maji, na maji hufyonza mawimbi haya. Tena majani yaliyolowa mvua hufyonza zaidi.

Zaidi ya hayo, mawimbi hayapiti katika mstari mwembamba kama uzi. Huhitaji nafasi yenye umbo la yai refu baina ya antena mbili. Katika umbali wa kilomita 20, kwa masafa ya gigahezi 5.8, nusu ya unene wa yai hilo pale katikati ni kama mita 16, na yapasa angalau mita 10 zake ziwe wazi. Basi anayepanda juu ya paa na kuuona mnara kwa shida baina ya vilele vya miti asidhani kuwa kazi imekwisha. Dawa yake si kukata miti, maana msitu wa Rondo ni hifadhi. Dawa ni kuweka kituo cha kupokezana pale ukingoni penye uwazi, kisha kuyaleta mawimbi mkutanoni kwa hatua ya pili iliyo fupi.

Hesabu ya watu

Kosa la wengi ni kupima nguvu ya mawimbi na kusahau idadi ya watu. Katika Wi-Fi, simu zote zitumiazo chaneli moja hupeana zamu. Mmoja asemapo, wengine hungoja. Ni kama baraza lenye msemaji mmoja kwa wakati mmoja: watu kumi wataelewana, watu mia watachoshana. Simu iliyo mbali huzungumza polepole, na kwa hiyo hula zamu ya wenzake walio karibu.

Tuchukue mfano wa mkutano wa watu 400, na tukadirie kuwa simu 200 zitatumika kwa wakati mmoja. Ikiwa kila kituo cha kurushia mawimbi kitahudumia simu 40 bila taabu, basi vituo vitano vyahitajika. Katika gigahezi 2.4 ziko chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani ya 1, ya 6 na ya 11. Kwa hiyo vituo vingi yafaa vitumie gigahezi 5, penye chaneli nyingi zaidi. Vituo vifungwe juu ya vichwa vya watu, kiasi cha mita tatu, kwani mwili wa binadamu nao una maji mengi. Wala visipewe nguvu kupita kiasi: kituo chaweza kupaza sauti kikasikika mbali, lakini simu ya mkononi haina nguvu ya kukijibu.

Liko pia jambo dogo ambalo limeharibu mikutano mingi. Kila simu hupewa namba yake ndani ya mtandao, na mpango wa kawaida wa ruta una namba 254 tu. Mtu wa 255 atayaona mawimbi yamejaa lakini hatapata huduma. Fundi aongeze namba hizo kabla ya siku yenyewe.

Kugawa kilicho kidogo

Sasa tuseme njia itokayo nje ni ya megabiti 20 kwa sekunde. Tukiwaachia watu wote bila mpango, picha za video za wachache zitaimeza yote. Yafaa megabiti 4 zitengwe kwa mnada peke yake, 4 kwa viongozi na waandishi wa habari, na 12 kwa umma. Kila simu kati ya zile 200 itapata kilobiti 60: zatosha kwa ujumbe wa maandishi, hazitoshi kwa video. Wananchi waelezwe hivyo mapema. Na meza ya mnada iunganishwe kwa waya, isiingie katika zamu za hewani kabisa.

Umeme na njia ya pili

Vituo vitano pamoja na ruta na antena vyaweza kula wati 100, yaani watisaa 1,000 kwa saa kumi. Betri moja ya volti 12 na ampeasaa 100 ina watisaa 1,200, lakini betri ya risasi haifai kutumiwa zaidi ya nusu yake. Basi ziwe mbili.

Njia ya pili ya mawasiliano nayo haina budi kuwa ya pili kweli. Laini mbili za kampuni mbili zinazotegemea mnara mmoja ni njia moja. Mei 2024 ilitupa mafundisho mawili: kimbunga Hidaya kilileta mvua zilizoikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi eneo la Somanga, na tarehe 12 mwezi huo huo nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika pamoja, intaneti ikazorota nchini. Aliyetegemea mafuta ya jenereta kutoka mbali, na aliyetegemea mfumo ulio ng'ambo, wote wawili walipata shida.

Kwa hiyo kila mkutano uwe na njia ya tatu isiyo na intaneti kabisa: simu ya sauti ya kusoma bei, karatasi ya kuziandika, na mashahidi wa pande zote. Mtambo hujaribiwa siku moja kabla, saa ile ile ya mkutano, kwa simu nyingi kadiri ziwezekanavyo. Yatakayoharibika siku hiyo yatatengenezeka kwa utulivu, na mkulima ataiona bei yake kwa macho yake.