Koili ikihama: Dalili ambazo mwanamke hafai kupuuza

MIONGONI mwa uvumi unaowazuia wanawake wengi kutumia koili kupanga uzazi ni kwamba kifaa hicho husafiri mwilini hadi kwenye moyo. Hilo si kweli. Hata hivyo, mara chache koili huweza kutoka yenyewe au kutoboa ukuta wa mfuko wa uzazi.

Koili ni kifaa kidogo, aghalabu chenye umbo la herufi T. Ipo ya shaba na ipo inayotoa homoni. Ni mojawapo ya njia bora zaidi za kuzuia mimba: katika mwaka wa kwanza, chini ya mwanamke mmoja kati ya 100 hushika mimba.

Tatizo linalotokea zaidi ni koili kutoka. Humpata takriban mwanamke mmoja kati ya 20, hasa katika miezi ya kwanza. Huweza kutoka wakati wa hedhi bila mwenyewe kujua, naye akaendelea kuamini kwamba amekingwa.

Kutobolewa kwa mfuko wa uzazi ni nadra, na kwa kawaida huanza wakati koili inapowekwa. Utafiti uliohusisha wanawake zaidi ya 61,000 katika mataifa sita ya Ulaya, uliochapishwa mwaka 2015, ulibaini takriban kisa kimoja kwa kila wanawake 1,000. Hatari ilikuwa karibu mara sita zaidi kwa wanaonyonyesha, ingawa bado ilikuwa ndogo. Kwa hivyo, anayenyonyesha hakatazwi koili, bali amweleze mhudumu mapema.

Koili huwa na nyuzi mbili zinazoning'inia kwenye mlango wa uzazi. Mwanamke anawe mikono na kuzigusa kila baada ya hedhi. Asipozipata, zikirefuka, au akihisi ncha ngumu, aende kliniki na atumie kondomu hadi achunguzwe. Maumivu makali ya tumbo, homa au kukosa hedhi pia ni sababu ya kumwona daktari haraka.

Nyuzi kutoonekana si lazima koili iwe imehama, kwani huweza kujikunja ndani. Uchunguzi wa mawimbi ya sauti huonyesha iwapo imo mahali pake. Isipoonekana, mgonjwa hupigwa eksirei ya tumbo. Ikipatikana nje ya mfuko wa uzazi, huondolewa kwa upasuaji, mara nyingi kupitia matundu madogo.

Mwanamke asijaribu kamwe kuivuta mwenyewe.