Barua ya Daktari katika Dai la Fidia ya Ulemavu

Askari wa zamani wa jeshi la Marekani anaweza kuwa mgonjwa kweli, akawa aliumia kazini kweli, na bado dai lake la fidia ya ulemavu likakataliwa. Kasoro yaweza isiwe katika ugonjwa wala katika utumishi wake, bali katika karatasi iliyopaswa kuunganisha mambo hayo mawili. Karatasi hiyo ni barua ya daktari, nayo ndiyo tunayoieleza hapa.

Idara ya Masuala ya Maveterani, ambayo wengi huiita VA kwa kifupi, hutazama mambo matatu kabla ya kukubali kwamba ulemavu umetokana na utumishi. Kwanza, mdai awe na ugonjwa au ulemavu sasa. Pili, liwepo tukio, jeraha au maradhi yaliyompata alipokuwa jeshini. Tatu, kiwepo kiungo kati ya lile la zamani na hili la leo. La kwanza huthibitishwa na kumbukumbu za matibabu. La pili huthibitishwa na jalada la utumishi, au na maelezo ya askari wenzake walioshuhudia, yanayoandikwa katika fomu namba 21-10210. La tatu ndilo linalowashinda wengi, kwa kuwa hakuna karani wa jeshi aliyeandika kwamba goti lililoteguka mwaka 2009 lingekuwa linauma hadi leo. Hilo kwa kawaida huhitaji kauli ya mtaalamu wa tiba.

Yapo maradhi ambayo sheria yenyewe inayachukulia kuwa yametokana na utumishi, ikiwa mdai alihudumu mahali na wakati uliotajwa. Sheria ya mwaka 2022 ijulikanayo kama PACT iliongeza mengi katika orodha hiyo, hasa kwa waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka nchini Iraki na Afghanistani. Mwenye ugonjwa uliomo katika orodha hahitaji barua ya kuthibitisha kiungo. Tunasisitiza hili mapema kwa sababu si haki mtu atumie fedha kununua ushahidi ambao sheria imekwisha kumsamehe kuuleta.

Kwa wengine wote, jambo la kuelewa ni kiwango cha uthibitisho. VA haidai uhakika. Inatosha daktari aone kwamba uwezekano wa ulemavu kutokana na utumishi haupungui nusu kwa nusu. Ushahidi wa pande mbili ukilingana, mdai ndiye anayepewa faida ya shaka. Kiwango hiki ni chepesi kuliko kile madaktari walichozoea katika taaluma yao, na hapo ndipo penye mtego. Daktari mwangalifu, kwa nia njema kabisa, huandika kwamba maumivu “huenda” yametokana na jeshi. Lakini katika kesi ya Obert ya mwaka 1993, mahakama ya rufaa za maveterani ilieleza kwamba neno kama hilo hubeba pia maana ya “huenda hayakutokana nalo.” Neno moja la adabu ya kitabibu laweza kuifanya barua nzima isiwe na nguvu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Askari aliruka kutoka kwenye lori akaumia goti la kulia, akatibiwa katika zahanati ya kambi, kisha akaendelea na kazi. Baada ya miaka mingi anachechemea, na sasa nyonga ya kushoto nayo inamsumbua. Daktari wake anaandika: “Namtibu mgonjwa huyu kwa maumivu ya goti na nyonga. Ni mtu mwaminifu, na naamini maumivu yake yametokana na jeshi.” Barua hii ina huruma, lakini haimsaidii sana. Haisemi ugonjwa wenyewe unaitwaje, haionyeshi daktari amesoma nini, wala haitoi sababu.

Barua yenye uzito ingetaja kwamba daktari amesoma kumbukumbu za zahanati ya kambi na picha za eksirei za karibuni. Kwamba goti lina ugonjwa wa kulika kwa gegedu. Kwamba uwezekano wa ugonjwa huo kutokana na jeraha la utumishini haupungui asilimia 50. Na kwamba sababu ni hizi na hizi: jeraha lilikuwa la kiungo hichohicho, dalili zimeendelea bila kukatika, na jeraha la namna hiyo hujulikana kuharakisha kulika kwa gegedu. Kisha ingeeleza nyonga peke yake. Sheria huruhusu ulemavu wa pili uliosababishwa au kuzidishwa na ule wa kwanza ulipiwe pia, lakini daktari lazima aeleze jinsi kuchechemea kulivyohamishia mzigo wa mwili upande wa pili.

Sababu ndizo uti wa mgongo wa barua. Katika kesi ya Nieves-Rodriguez ya mwaka 2008, mahakama hiyohiyo ilisisitiza kwamba thamani ya maoni ya daktari imo katika hoja anazozitoa. Wengi hudhani kwamba daktari aliyewatibu miaka kumi atasadikiwa kuliko yule wa VA aliyewaona kwa dakika chache. Sivyo. Urefu wa uhusiano peke yake haumpi daktari uzito wa ziada. Unachompa ni nafasi ya kueleza vizuri zaidi, akiitumia.

Tunashauri pia usimfiche daktari jambo lolote. Kama uliumia goti hilohilo ukicheza mpira baada ya kutoka jeshini, mwambie, naye alitaje na aeleze kwa nini halibadilishi maoni yake. Afisa wa VA akilikuta mwenyewe katika faili, barua iliyolinyamazia itaonekana kuwa imeandikwa bila kujua.

Unapokwenda kuomba barua, chukua nakala za kumbukumbu zako za jeshini, majibu ya vipimo na, kama umewahi kukataliwa, barua ya uamuzi. Mweleze daktari kiwango cha nusu kwa nusu, kwa kuwa huenda hajawahi kukisikia, lakini usimwandikie maoni yake. Kazi hii yaweza kuchukua muda. Wakati unasubiri, fomu namba 21-0966 ya kutangaza nia ya kudai inaweza kukulindia tarehe ya kuanzia malipo kwa muda wa hadi mwaka mmoja. Ikiwa ulitibiwa Nairobi, Dar es Salaam au kwingineko, ambatanisha tafsiri ya Kiingereza kwa kila karatasi isiyo ya lugha hiyo.

Sasa tuseme juu ya fedha. Daktari binafsi anaweza kutoza ada kwa muda wake, na hilo si kosa. Lakini sheria haimruhusu mtu yeyote kukutoza kwa kukuandalia dai la kwanza. Wawakilishi walioidhinishwa wa vyama kama American Legion na Disabled American Veterans hufanya kazi hiyo bure. Jihadhari na anayeuza barua ya daktari ambaye hajawahi kukuona wala kusoma faili lako, anayekuahidi asilimia fulani ya ulemavu, anayetaka sehemu ya nyongeza utakayopata, au anayeomba nywila ya akaunti yako ya VA. Jina lake lisipokuwamo katika orodha ya walioidhinishwa, ambayo VA huiweka wazi kwenye intaneti, usitie sahihi.

Na kama umekwisha kukataliwa, soma kwanza sababu zilizoandikwa katika uamuzi. Zikisema kiungo hakikuthibitishwa, barua mpya yenye hoja ni ushahidi unaoweza kuwasilishwa pamoja na fomu namba 20-0995. Iwasilishe kabla mwaka mmoja haujapita tangu tarehe ya uamuzi. Ukichelewa, bado unaweza kudai, ila kwa kawaida utapoteza malipo ya nyuma yaliyohesabiwa tangu dai la awali.