Sato wa bwawani wanadumaa: tatizo ni chakula au damu?

Mfugaji wa ng'ombe Shinyanga hawezi kupeleka mnadani dume mwenye kifua kipana, kisha akamwachia dume aliyekonda zizi zima. Bwawani jambo hilo hutokea bila mtu kushtuka. Mnunuzi akija, sato wakubwa wanauzwa, wadogo wanarudishwa majini. Hao ndio wanaobaki kuwa wazazi.

Ufugaji wa samaki si mgeni Usukumani. Majaribio yalifanyika Malya, Kwimba, tangu mwaka 1949. Lakini mavuno yakipungua, lawama ya kwanza hupewa chakula, na mara nyingi inastahili. Pumba peke yake haitoshi. Sato anayekua huhitaji chakula chenye protini kati ya asilimia 25 na 35, na vifaranga huhitaji zaidi. Ndiyo maana huchanganyiwa dagaa, soya au mashudu ya alizeti. Mashudu ya pamba yatumike kwa kiasi, kwani yana gosipoli, sumu ya asili inayodumaza samaki ikizidi. 

Chakula kikiwa sawa na bwawa halijasongamana, tazama damu, yaani wazazi wenyewe. Mbali na kubakiza wadogo, kuna tatizo la uchache wa madume. Dume mmoja wa sato hurutubisha mayai ya majike wengi. Ukiweka dume 1 na majike 10, kwa hesabu ya vinasaba ni kama una wazazi wasiofika 4, kwa kuwa vifaranga wote ni wa baba mmoja. Ndugu wakizaana, kasoro zilizojificha hujitokeza: ukuaji hafifu, vilema, vifo vya vifaranga. 

Tiba ni kuchanganya damu. Mwaka 1988, watafiti nchini Ufilipino walianza kuboresha sato kwa kuchanganya koo za Misri, Ghana, Kenya na Senegal na zile zilizokuwa zikifugwa Asia. Mfugaji mdogo hahitaji kwenda mbali hivyo. Achague wazazi kabla mnunuzi hajafika, aweke madume kadhaa, na kila baada ya vizazi vichache alete wengine kutoka kituo kinachotunza kumbukumbu za uzao. Sato mkubwa asiyeuzwa leo ni hasara ya kitoweo cha siku moja tu.