Slaidi Iliyopitwa na Muda Haitaki Mwanga wa Ziada

Wapiga picha wanaopenda filamu za zamani wana kanuni wanayorithishana: kwa kila miaka kumi tangu filamu imalize muda wake, ongeza stopu moja. Stopu moja ni maradufu ya mwanga, hivyo filamu iliyoisha muda miaka 30 iliyopita hupewa mwanga mara nane. Kwa filamu ya negativu kanuni hiyo ina mantiki. Kwa filamu ya slaidi, ile ambayo picha yake hutoka na rangi zake kamili tayari kutiwa kwenye projekta, ni ushauri mbaya.

Utando wa filamu ni jelatini yenye fuwele ndogo mno za chumvi ya fedha, zilizopangwa katika tabaka zinazohisi mwanga wa buluu, wa kijani na mwekundu. Mwanga ukigonga fuwele hung'oa elektroni, na elektroni hizo huzikusanya atomu za fedha mahali pamoja. Ronald Gurney na Nevill Mott walieleza hatua hizo mwaka 1938. Kidoa cha atomu nne hivi kinatosha: fuwele ikiingia kwenye dawa, yote hugeuka fedha nyeusi.

Balaa ni kwamba kidoa hicho huweza kutokea gizani. Joto peke yake hutosha kuzianzisha baadhi ya fuwele, kama viazi vinavyochipua guniani bila kupandwa. Mionzi nayo imo. Mwaka 1896 jijini Paris, Henri Becquerel aligundua mionzi ya urani baada ya bamba la picha, lililofungwa kwa karatasi nyeusi na kuwekwa ndani ya droo pamoja na chumvi ya urani, kukutwa na alama bila kuonja jua. Mionzi hafifu itokayo angani na ardhini hufanya kazi hiyo hiyo polepole, na mlango wa friza hauizuii. Ndiyo sababu friza huchelewesha uzee wa filamu lakini haiukomeshi, na filamu za kasi kubwa huumia mapema zaidi.

Fuwele hizi zilizojianzisha huitwa ukungu. Kwenye negativu, ukungu ni weusi wa ziada uliotandazwa kila mahali, unaozimeza sehemu za kivuli. Ukiongeza mwanga, kivuli kinainuka juu ya ukungu na picha inaonekana. Negativu ni mvumilivu, stopu mbili tatu za ziada haziitishi.

Slaidi huenda kinyume. Katika E-6, usafishaji wa kawaida wa slaidi, dawa ya kwanza hufanya kazi kwa dakika sita hivi kwenye nyuzi joto 38, na kuzigeuza fuwele zilizopata mwanga kuwa fedha tupu, isiyo na rangi. Baadaye zile zilizosalia, ambazo mwanga haukuzifikia, ndizo hutengenezewa rangi, na mwishoni fedha yote huoshwa ikatoka. Kwa hiyo weusi wa slaidi unatokana na fuwele ambazo hazikuguswa. Ukungu ukizila mapema, hakuna cha kujenga weusi, na kivuli hutoka chepesi kama moshi. Ukizidisha mwanga, unapunguza hata zile chache zilizobaki. Mawingu na kanzu nyeupe, ambavyo kwenye slaidi havistahimili hata stopu moja ya ziada, huishia kuwa plastiki isiyo na kitu.

Tena tabaka hazizeeki kwa mwendo mmoja. Tabaka ya kijani ikichakaa kuliko wenzake, rangi ya majenta hupungua na vivuli huwa vya kijani. Ikichakaa ile ya buluu, manjano hupungua na vivuli huingia ubuluu. Wapo wanaozitafuta filamu hizi kwa ajili ya rangi hizo za ajabu, na siwalaumu, ila wajue ni bahati nasibu. Mahali filamu ilipokaa pana uzito kuliko tarehe iliyoandikwa kwenye kasha: roli iliyoshinda miaka mitano kwenye dashibodi ya gari Mombasa inaweza kuwa hoi kuliko iliyolala miaka ishirini kwenye friza.

Ushauri wangu: piga kwa ISO iliyoandikwa, kisha rudia picha hiyo hiyo ukizidisha na kupunguza nusu stopu. Chagua mandhari yenye mwanga laini, usio na tofauti kubwa kati ya jua na kivuli. Ukiwa na roli kadhaa za kundi moja, itoe moja kafara kwa majaribio. Iliyotoka kwenye friza iache ipate joto la chumba kabla ya kuifungua, isije ikatoa jasho.

Angalia pia jina la usafishaji kwenye roli. Ektachrome za zamani za E-4 zina utando laini unaoweza kubanduka kwenye joto la E-6 na kuchafua dawa ya watu wengine, kwa hiyo iambie maabara kabla. Kodachrome, iliyoanza kuuzwa mwaka 1935, ni habari nyingine: viini vya rangi havimo ndani ya filamu, viliingizwa wakati wa kusafisha. Maabara ya mwisho iliyofanya kazi hiyo, Dwayne's Photo ya Parsons, Kansas, iliacha kupokea roli mwishoni mwa 2010. Ukiipata leo, itasafishwa kwa nyeusi na nyeupe tu.