Mbona Mshono wa Kidonda Huachana?

Katika vikundi tunavyotembelea swali hili halikosi: mtu amejikata gotini kwa panga, ameshonwa hospitalini, nyuzi zikatolewa baada ya wiki moja, na kidonda kikafunguka tena. Watu husema daktari hajui kazi. Pengine ni kweli, lakini mara nyingi shida ni ngozi kuvutana.

Aliyewahi kushona gunia la mahindi lililojaa kupita kiasi anajua. Ukikaza sana, si kamba inayokatika. Gunia ndilo linaloraruka pale sindano ilipopita. Ngozi nayo ina uhai. Uzi ukiikaba, damu haifiki kwenye kingo za kidonda, na kingo hizo hufa.

Mshono wa kawaida ni wa fundo moja moja, nao unatosha mahali ngozi imelegea. Fundo moja likiachia, mengine yanashika. Usaha ukionekana, muuguzi anafungua fundo lile tu. Mshono wa uzi mmoja mwanzo hadi mwisho ni wa haraka, lakini ukikatika mahali pamoja wote unalegea.

Pale panapovutana, kama mgongoni au gotini, uzi hupitishwa mara mbili: kwanza mbali na ukingo, ndani sana, kisha unarudi karibu na ukingo. Ule wa mbali hubeba mzigo, wa karibu hukutanisha ngozi. Kuna na mwingine ambao uzi hutembea sambamba na kidonda kabla ya kurudi. Huo hutandaza mvuto mahali papana, lakini ukikazwa mno huzuia damu na kuacha alama kama reli.

Kwetu sisi, mshono wa maana zaidi ni ule msiouona. Daktari huweka kwanza nyuzi zinazoyeyuka zenyewe chini ya ngozi. Hizo hubeba mzigo kwa wiki kadhaa, na za juu zinabaki kulinganisha kingo tu. Kwa hiyo msishangae mtu akishonwa mara mbili mahali pamoja.

Kidonda kichafu, au cha kuumwa na mbwa, mara nyingi huachwa wazi siku chache kwanza. Msimlaumu muuguzi.

Sasa, kuhusu siku. Nyuzi za usoni hutolewa karibu siku ya 5, za kichwani siku ya 7 hadi 10, lakini za gotini hungoja siku 10 hadi 14. Na hata siku ya 14, kovu halijafikia nguvu ya sehemu moja kwa kumi ya ngozi nzima! Mama anayerudi kulima siku hiyo hiyo anavuta kidonda kila anapoinama. Hapa ndipo kikundi kinaweza kusaidia: pangeni zamu ya kumlimia na kumtekea maji kwa wiki chache zaidi. Akiona uwekundu unaoenea, joto, usaha au harufu mbaya, arudi dispensari siku hiyo hiyo, asingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.